Mamluki: jinsi watumwa wa Sultani walivyokalia kiti chake

Ukiwahi kukaa pembeni mwa uwanja kwenye mashindano ya shule, neno mamluki hulikosi. Kidato cha pili kinaingiza mshambuliaji mwenye ndevu, anapiga mpira kama anadaiwa, na upande wa pili unaanza kupiga kelele: “Mamluki huyo! Mtoeni!” Kwenye siasa ni vilevile. Mtu akihamia chama chenu jana na leo anagombea, ataitwa mamluki kabla hajamaliza kunywa chai. Kwa hiyo kwetu mamluki ni mtu wa kukodiwa, asiye na uchungu na timu.

Njiani kutoka Uarabuni neno hili limegeuka tumbo juu. Mamluk, kwa Kiarabu, ni “aliyemilikiwa”. Alikuwa askari aliyenunuliwa akiwa kijana, na uchungu alikuwa nao tele. Tatizo ni kwamba uchungu huo ulikuwa kwa mtu mmoja, bwana aliyemnunua. Bwana akifa, wanawe walirithi mali, farasi na majumba. Uchungu wa mamluki hawakuurithi.

Usipolijua hilo, habari za Misri kati ya mwaka 1249 na 1260 zitakuchanganya. Sultani mmoja anauawa mtoni. Mwingine anauawa hamamuni. Malkia anapigwa mitalawanda, vile viatu vya mbao, mpaka roho inatoka, mtoto anavuliwa taji, na shujaa aliyewashinda Wamongolia anachomwa upanga akiwa njiani kurudi nyumbani kupokewa kwa nderemo. Ukimhesabu na yule mtoto aliyewekwa kama pambo, watu wanane walishika cheo cha usultani katika muda huo wa miaka kumi na moja. Wengi husoma na kusema basi, walikuwa makatili. Makatili walikuwepo, sikatai. Lakini ukatili peke yake haukuambii kwa nini aliuawa huyu na si yule.

Shamba la ukoo

Tuanzie kwa Salah ad-Din, yule aliyeikomboa Yerusalemu mwaka 1187. Alifariki Dameski mwaka 1193, na alichoacha kilifanana zaidi na shamba la ukoo kuliko dola. Mwanawe al-Afdal alipata Dameski, al-Aziz akapata Misri, az-Zahir akapata Aleppo, na al-Adil, ndugu wa marehemu, akabaki na ngome ya Kerak na nchi za ng'ambo ya mto Frati. Kanuni ya kwamba mtoto wa kwanza ndiye mrithi haikuwepo. Kila mwanamume wa ukoo wa Ayyub alistahili kipande, na kila mwenye kipande alikitolea macho cha jirani, na jirani huyo ni kaka yake, au ami yake, au mtoto wa kaka yake.

Al-Adil, mtu mzima aliyekula chumvi nyingi, aliwazidi akili watoto wa kaka yake mmoja baada ya mwingine, na kufikia mwaka 1200 alikuwa Sultani wa Misri. Alipofariki 1218 mchezo ukaanza upya kwa wanawe: al-Kamil akiwa Misri, al-Mu'azzam Dameski, al-Ashraf kule kaskazini mashariki.

Ugomvi huu wa ndugu ndio ulioirudisha Yerusalemu mikononi mwa Wakristo. Watu hushangaa wakisikia kwamba mwaka 1229 al-Kamil alimkabidhi Kaisari Frederick wa Pili mji ule bila vita. Alikuwa msaliti? Tazama tarehe. Al-Kamil alianza kumbembeleza Frederick aje wakati alipomhofia nduguye al-Mu'azzam. Al-Mu'azzam akafa mwaka 1227. Frederick akaja hata hivyo, mwaka uliofuata, na mgeni ukishamwita mwenyewe ni shida kumfungia mlango. Dameski watu walilia msikitini. Al-Kamil alikuwa na hesabu nyingine kichwani: kuta za Yerusalemu zilikwishabomolewa miaka kumi nyuma, na alichokitaka ni Dameski.

Mwaka 1244, karibu na Gaza, mambo yakawa wazi zaidi. Upande mmoja walisimama watawala wa Dameski, Homs na Kerak, wote wa ukoo wa Ayyub, bega kwa bega na wapiganaji wa msalaba. Upande wa pili jeshi la Misri la jamaa yao, likisaidiwa na Wakhwarazmi, askari waliokimbia nchi yao baada ya kuvunjwa na Wamongolia. Misri ikashinda. Anayezisoma vita hizi kama Uislamu dhidi ya Ukristo atapotea ndani ya dakika tano.

Somo la Kerak

Mtawala wa Misri aliyeshinda siku ile aliitwa as-Salih Ayyub, mtoto wa al-Kamil. Mwaka 1239 alikuwa ameishika Dameski na anajiandaa kwenda kumng'oa Misri mdogo wake. Alipokuwa njiani, ami yake Ismail akaingia Dameski kwa mlango wa nyuma. Habari zilipofika kambini jeshi likayeyuka. Maamiri walikuwa na wake na nyumba Dameski, wakaona heri warudi kwao. Ayyub akakamatwa na binamu yake Dawud, akafungiwa katika ngome ya Kerak, juu ya mlima mashariki ya Bahari ya Chumvi.

Hakubaki peke yake. Mamluki wake wachache hawakumwacha, na suria wake pia, jina lake Shajar ad-Durr, yaani Mti wa Lulu. Wapo wanaosema asili yake Mturuki na wapo wanaosema Muarmenia. Huko Kerak alimzalia mtoto wa kiume, Khalil. Kaeni na ngome hii akilini.

Mwaka 1240 upepo ulibadilika. Dawud akamfungulia, askari wa Misri wakamwondoa mdogo wake, na Ayyub akaingia Kairo akiwa Sultani. Alikuwa ameshajionea: ndugu wa damu walimpokonya mji na kumfunga, maamiri huru walimkimbia, waliobaki ni wale aliowanunua. Akaanza kununua.

Soko lilimsubiri. Miaka hiyohiyo Wamongolia walikuwa wakizisagasaga nyika za kaskazini ya Bahari Nyeusi, na vijana wa Kikipchak, watu wa jamii ya Kituruki, walifurika kwenye masoko ya watumwa. Mmoja wao aliuzwa kwa bei ya chini kwa sababu jicho lake moja lilikuwa na doa jeupe. Inasimuliwa kwamba mnunuzi wa kwanza aliliona doa akamrudisha dukani. Kijana huyo aliitwa Baybars. Mwingine, Qalawun, alinunuliwa kwa dinari elfu moja, na jina la al-Alfi, yaani “wa elfu”, likamganda maisha yake yote. Alijivunia. Kwao bei kubwa ilikuwa sifa, kama ilivyo kwa wachezaji wa siku hizi.

Ayyub aliwajengea kambi katika kisiwa cha Rawda, katikati ya mto Naili. Wamisri huuita mto huo bahr, bahari, na ndiyo maana kikosi kikaitwa Bahriyya. Kijana aliyeingia pale alifundishwa kwanza herufi, Qur'ani na sala, kisha farasi, upinde na mkuki. Akihitimu aliachwa huru kwa hati, akapewa farasi na silaha. Hapa wengi hukosea: mamluki aliyekuja kuwa Sultani hakuwa mtumwa siku hiyo. Alikuwa huru kisheria. Ila uhuru wenyewe alipewa na fulani, na fulani huyo alibaki kuwa ustadhi wake, neno ambalo sisi tumemwachia mwalimu wa madrasa. Wenzake walionunuliwa na kuachwa huru na bwana yuleyule waliitana khushdash. Wazee wetu wa jando wasingehitaji tafsiri: waliokaa kumbi moja wanadaiana mambo ambayo ndugu wa tumbo moja hawadaiani.

Lipo fundo jingine la kisheria. Mtoto wa Mwislamu huru hawezi kuwa mtumwa. Kwa hiyo mtoto wa mamluki hakuweza kuwa mamluki. Alizaliwa huru, akapewa jina la Kiarabu, akalelewa kwenye mito laini ya Kairo. Hakununuliwa na mtu, hakukaa kambini, hana khushdash hata mmoja. Ana damu tu. Mfumo mzima ulikuwa wa kizazi kimoja. Kila kizazi kilibidi kinunuliwe upya sokoni.

Hema la Mansura

Juni 1249 Mfalme Louis wa Tisa wa Ufaransa alishuka pwani ya Misri, na mji wa Damietta ukaanguka karibu bila kupigwa. Ayyub alikuwa mgonjwa wa kubebwa. Alipiga kambi Mansura, kwenye delta, na mwezi Novemba akafa.

Fikiria hali ilivyokuwa. Adui yuko mwendo wa siku chache. Khalil alifariki zamani akiwa mchanga. Mtoto pekee wa kiume aliye hai, Turanshah, yuko Hisn Kayfa, kwenye mto Tigri, safari ya majuma kadhaa, na baba yake mwenyewe ndiye aliyemweka mbali kwa kutomwamini. Habari ikitoka, maamiri watafanya walichofanya mwaka 1239.

Aliyeamua ni Shajar ad-Durr. Aliwaita watu wawili tu, amiri jeshi Fakhr ad-Din na towashi mkuu Jamal ad-Din Muhsin, wakakubaliana kwamba Sultani hajafa. Maiti ikapakiwa mashuani usiku, ikapelekwa Rawda kwa siri. Chakula kiliendelea kuandaliwa na kupelekwa hemani kila siku. Amri ziliendelea kutoka zikiwa na alama ya Sultani chini yake, na aliyezitia alama hiyo alikuwa mtumishi mwenye mwandiko uliofanana na wa marehemu. Maamiri waliambiwa Sultani ni mgonjwa, haoni watu, ila anataka waape kumtii yeye na mwanawe Turanshah. Wakaapa. Wakati huo Aqtay, mkubwa wa Bahriyya, alikuwa ameshatumwa kwenda kumleta huyo mwana.

Minong'ono ilikuwepo, bila shaka. Lakini jeshi lilisimama. Mwezi Februari 1250 wapanda farasi wa Kifaransa walivuka mfereji alfajiri, wakamkuta Fakhr ad-Din katoka kuoga, hana deraya, wakamuua. Robert, ndugu wa mfalme, akatiwa kiburi na ushindi huo, akaingia mbio ndani ya mitaa myembamba ya Mansura. Bahriyya, Baybars akiwemo, wakamfungia humo. Hakutoka. Miezi miwili baadaye Louis mwenyewe alikuwa mfungwa.

Mwanamke aliyeshika dola kwa sahani za chakula na karatasi za kughushi sasa alimkabidhi Turanshah ufalme mzima, na ushindi juu yake.

Mrithi asiyerithi

Turanshah alifanya jambo la kawaida kabisa: alikuja na watu wake. Vyeo vya ikulu akawapa wale aliotoka nao Hisn Kayfa. Alimwandikia mama yake wa kambo, aliyekuwa Kairo, akimdai hazina na vito vya baba yake. Akajibu kwamba vyote vimetumika vitani. Akatishwa. Shajar ad-Durr akawaandikia Bahriyya kuwaeleza anavyotendewa.

Wanahistoria wa zama zile wanasimulia kwamba usiku, akiwa amelewa, alikuwa akipanga mishumaa mbele yake na kuikata vichwa kwa upanga, huku akisema hivi ndivyo nitakavyowafanya Bahriyya. Inawezekana waliomuua ndio walioikuza hadithi hiyo, wauaji hupenda sababu nzuri. Ila maana yake ni ya kweli: Turanshah aliwaona kama watu wa baba yake, mali iliyokuja na nyumba, ya kubakiza au kutupa. Wao walijiona ndio nyumba yenyewe.

Tarehe 2 Mei 1250, kule Fariskur, walimvamia baada ya karamu. Pigo la kwanza lilimkata mkono. Alikimbilia mnara wa mbao kando ya mto. Wakautia moto. Akajirusha Naili akiomba aachwe arudi Hisn Kayfa, hautaki ufalme. Wakamfuata majini. Maiti ililala ukingoni siku tatu kabla ya mtu kuthubutu kuizika.

Nani sasa? Maamiri wakamchagua Shajar ad-Durr. Mara nyingi jambo hili linasimuliwa kama muujiza, mwanamke kutawala Misri ya Kiislamu. Mimi naona walifuata mantiki yao wenyewe. Iko dinari yake moja ambayo leo imehifadhiwa British Museum, London. Jina lake hasa halimo. Kilichoandikwa ni vyeo: al-Musta'simiyya, as-Salihiyya, malkia wa Waislamu, mama wa al-Malik al-Mansur Khalil.

Zisome moja moja. Al-Musta'simiyya: mimi ni wa khalifa al-Musta'sim wa Baghdad, kwa hiyo nitambueni. Mama wa Khalil: nina mguu ndani ya ukoo wa Ayyub, japo mtoto mwenyewe yuko kaburini. Kwenye hati pia alitia saini hiyohiyo, Mama Khalil, kama anavyoitwa mama yeyote mtaani kwetu. Hili halitawashangaza watu wa Zanzibar: Majid na Barghash, waliogombania kiti cha baba yao karne ya kumi na tisa, wote walizaliwa na masuria, na suria akishazaa hadhi yake inabadilika.

Jina la as-Salihiyya ndilo zito kuliko yote. Mamluki wa as-Salih Ayyub nao waliitwa hivyo, Salihiyya. Shajar ad-Durr alinunuliwa na bwana yuleyule aliyewanunua Baybars na Aqtay. Kwa macho ya Bahriyya hakuwa mgeni wala mjane wa watu. Alikuwa wa kumbi yao.

Alitawala siku 80. Louis aliachiwa kwa kurudisha Damietta na kulipa sehemu ya fidia. Lakini mantiki ya kambi haikuvuka mpaka. Maamiri wa Dameski walikataa kuapa, wakamfungulia mlango an-Nasir Yusuf wa Aleppo, kitukuu cha Salah ad-Din. Na khalifa, inasimuliwa, aliandika barua: kama Misri imeishiwa wanaume, tuambieni tuwatumie mmoja.

Kiti cha watu wawili

Walihitaji mwanamume, basi wakampata Aybak. Cheo chake cha zamani ni mwonjaji wa chakula cha Sultani. Alikuwa Salihiyya lakini si Bahriyya, hana kundi kubwa nyuma yake, na ndiyo sifa iliyompa kazi: walidhani siku wakimchoka watamwondoa kama mkeka. Alimwoa Shajar ad-Durr, akawa Sultani mwisho wa Julai 1250. Siku tano hazijaisha vizuri, wakaona bado damu inatakiwa ili kumnyamazisha Yusuf wa Aleppo, wakaleta mtoto mdogo wa ukoo wa Ayyub, al-Ashraf Musa, wakamketisha pembeni yake. Sarafu na hotuba za Ijumaa zikabeba majina mawili.

Aybak hakuwa mkeka. Alianza kununua mamluki wake mwenyewe, akiwemo Qutuz. Sasa Misri ikawa na kumbi mbili, na Aqtay wa Bahriyya akizidi kutanuka: alimposa binti wa mtawala wa Hama, wa ukoo wa Ayyub, na akaomba amweke bibi harusi ndani ya Ngome ya Kairo, nyumba ya Sultani. Aybak alielewa maana yake. Mwaka 1254 alimwita ngomeni kwa mashauri. Mlango wa pili ukafungwa nyuma yake, walinzi wake wakabaki nje, Qutuz na wenzake wakammaliza. Bahriyya walikusanyika chini ya ukuta kudai mkubwa wao. Wakatupiwa kichwa chake. Usiku ule Baybars, Qalawun na mamia ya wengine walitoroka kwenda Sham, nchi ya Dameski na Aleppo, kwa watawala walewale wa ukoo wa Ayyub waliokuwa adui zao.

Mtoto Musa akaondolewa. Akabaki mume na mke.

Shajar ad-Durr ndiye aliyejua hazina iko wapi na nani anadaiwa nini, na hakuacha kumkumbusha Aybak kwamba usultani alipewa na yeye. Inasemekana alimlazimisha amwache mke wa kwanza, mama wa mwanawe Ali. Mwaka 1257 Aybak akaanza maneno ya kumposa binti wa mtawala wa Mosul. Wengi husimulia kwamba mke alishikwa na wivu. Labda. Ila Bahriyya walikuwa wamekimbia, na kwa ndoa hiyo Aybak angekuwa na nguvu isiyomtegemea mjane wa Ayyub hata chembe. Wivu hauhitajiki kueleza kilichofuata.

Mwezi Aprili Aybak alicheza polo, akarudi, akaingia hamamuni. Watumishi wa mkewe walikuwa wanamsubiri. Asubuhi ilitangazwa kwamba Sultani amefariki ghafla usiku. Mwaka 1249 alificha kifo na watu wakaamini, sasa alidai kifo cha kawaida na hakuna aliyeamini. Kundi lililomwamini lilikuwa uhamishoni. Mamluki wa Aybak waliwatesa watumishi mpaka wakasema.

Siku alizokaa akisubiri hukumu yake, wanasema, alivitwanga vito vyake kinuni ili asije mwanamke mwingine akavivaa. Kisha akapelekwa kwa mama Ali, yule mke aliyeachwa. Wajakazi walimpiga kwa mitalawanda mpaka akafa, na mwili ukatupwa chini ya ngome. Baadaye walikusanya kilichobaki, wakakizika kwenye kaburi alilokwisha kujijengea mwenyewe, na kaburi hilo lipo Kairo hadi leo. Ndani ya kibla chake kuna nakshi ya vipande vya kioo vya rangi ya dhahabu: mti, na matunda yake ni lulu. (Kuna kitamutamu cha Misri cha mikate na maziwa kinachoitwa Umm Ali, Mama Ali, na hadithi ya mitaani ni kwamba kilipikwa kusherehekea kifo hiki. Siiamini, lakini ukikila utaikumbuka.)

“Nani aliyemuua?”

Ali, mtoto wa Aybak, aliwekwa kitini akiwa na miaka kama 15. Sasa unaweza kutabiri mwenyewe. Ana damu, hana kumbi. Alikuwepo kwa sababu maamiri wa baba yake walikuwa bado hawajakubaliana nani kati yao atakaa. Baghdad ilipoangukia mikononi mwa Hulegu, mkuu wa jeshi la Wamongolia, Februari 1258 na khalifa kuuawa, na Wamongolia wakazidi kusogea, Qutuz alipata hoja ambayo hakuna aliyeweza kuipinga: wakati huu si wa mtoto. Novemba 1259 akamwondoa, akakaa mwenyewe.

Vita yenyewe nitaipita haraka, wengi wanaijua. Aleppo ikaanguka Januari 1260, Dameski ikafuata, Yusuf wa Aleppo akakimbia na mwisho akakamatwa. Kule mashariki Khan Mkuu Möngke alikuwa amekufa, na Hulegu akarudi nyuma na sehemu kubwa ya jeshi lake, maana Wamongolia nao walikuwa na msiba wao wa nani arithi. Qutuz akapatana na Baybars, muuaji wa Aqtay na mfuasi wa Aqtay chini ya bendera moja, na tarehe 3 Septemba 1260 wakawashinda Wamongolia pale Ain Jalut, Palestina.

Inasimuliwa Baybars aliahidiwa ugavana wa Aleppo. Akapewa mtu mwingine. Lakini hata angepewa, deni la mwaka 1254 lilikuwa halijalipwa. Mwezi Oktoba, jeshi likirudi Misri, Qutuz alichepuka njia kuwinda sungura karibu na mji wa Salihiyya, mji ulioanzishwa na as-Salih Ayyub mwenyewe. Baybars akamsogelea kuomba kitu kidogo, mateka mmoja wa kike. Akakubaliwa. Akaushika mkono wa Sultani kuubusu kwa shukrani, na hakuuachia. Wengine wakamaliza kazi.

Waliporudi kambini, atabegi, mzee mwenye dhamana ya jeshi, akauliza: nani kati yenu aliyemuua? Baybars akasema, mimi. Basi, akamjibu, kaa wewe kwenye kiti. Kairo ilikuwa imepambwa kumpokea Qutuz. Mapambo yaleyale yakampokea Baybars, aliyerudishwa dukani kwa ajili ya jicho.

Baybars alitawala miaka 17 na alijua fika kiti chake kimesimama juu ya nini. Mwaka 1261 alimpokea Kairo mtu wa nyumba ya Abbas aliyenusurika Baghdad, akamtawaza khalifa, na khalifa akamvika joho la usultani. Hivyo barua ya kumuuliza kama Misri ina wanaume isingekuja tena. Mwandishi wake angekuwa anakaa mtaa wa pili. Alinunua mamluki wake kwa maelfu. Na kwa mwanawe Baraka alichukua tahadhari zote ambazo Ayyub hakuchukua: alimfanya mtawala mwenza angali mtoto, akawaapisha maamiri mara kadhaa, na akamwoza binti wa Qalawun, khushdash wake mkubwa, ili kumbi na damu vifungwe fundo moja.

Baybars alifariki Dameski mwaka 1277. Baraka alianza kuwaweka pembeni watu wa baba yake na kuwapandisha wake. Miaka miwili baadaye maamiri waliizunguka ngome, na baba mkwe wake alikuwa pamoja nao. Wakamweka mdogo wake Salamish, mwenye miaka saba, kwa miezi mitatu hivi, mpaka Qalawun alipokuwa tayari kukaa yeye.

Baraka hawakumuua. Walimpa ngome ya Kerak akaishi huko.